Bendi ya Jeshi: Kutoka Keya hadi Jeshi la Wananchi

Mheshimiwa mgeni rasmi, wakuu wa vikosi mliopo, wazee wetu mliostaafu kutoka bendi za majeshi, walimu na wanafunzi wa muziki, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumze juu ya historia na wajibu wa bendi ya jeshi katika nchi yetu, nami nimekubali kwa furaha, kwa sababu hili ni jambo ambalo kila Mtanzania amelisikia kwa masikio yake na wachache sana wamelisoma mahali popote. Tarehe 9 Desemba, tarehe 26 Aprili, na kule Zanzibar tarehe 12 Januari, gwaride haliondoki mahali pake mpaka ngoma kubwa ipigwe. Rais hampokei mgeni wa kitaifa, wala taifa halimziki kiongozi wake, bila ya watu hawa wanaosimama kandoni mwa uwanja wakiwa na ala za shaba mikononi. Hata hivyo, tunapoandika historia ya muziki tunawataja wapiga magitaa na waimbaji. Tunapoandika historia ya jeshi tunawataja makamanda. Na mwanamuziki wa bendi ya jeshi, aliye wa pande zote mbili, anaachwa na pande zote mbili. Hoja yangu ni kwamba bendi hii, iliyoletwa na wageni ili kuamrisha, imefanywa kuwa yetu mara mbili, kwanza na wananchi wa kawaida na baadaye na taifa huru, na kwamba kazi hiyo bado haijakamilika.

Nianze na jambo ambalo mara nyingi husahaulika. Wazee wetu walijua tangu kale kwamba mamlaka yana sauti yake. Pwani kulikuwa na siwa, yaani pembe kubwa za kupuliza, na mbili kati yake, siwa ya pembe ya ndovu ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu, zimehifadhiwa mpaka leo. Siwa haikupulizwa na yeyote kwa lolote. Ilikuwa ya watawala na ya sherehe za koo zenye hadhi. Bara nako, katika falme kama Karagwe na Buganda, ngoma za kifalme zilikuwa sehemu ya kiti cha enzi chenyewe. Kwa hiyo mgeni alipokuja na matarumbeta yake, watu walimwelewa mara moja alichokuwa akikisema. Kilichokuwa kigeni kwao kilikuwa kitu kingine: mamia ya watu kuinua mguu mmoja kwa wakati mmoja, kwa kipimo cha ngoma, kwa amri ya mtu asiyewajua hata kwa majina.

Na huko Ulaya kwenyewe bendi ya namna hii haikuwa ya kale sana. Ngoma kubwa na matoazi viliingia katika majeshi ya Ulaya hasa katika karne ya 18, vikiigwa kutoka kwa bendi za askari wa dola ya Uthmaniya, zile zilizoitwa mehter. Uingereza, ambayo jeshi letu limerithi kwake mambo mengi, ilikuwa bado haina utaratibu mmoja wa muziki hadi katikati ya karne ya 19. Mwaka 1854, wakati wa vita vya Crimea, vikosi vyake vilikusanyika Scutari, ng'ambo ya Istanbul, kusherehekea siku ya kuzaliwa ya Malkia Victoria, na bendi zilipoanza kupiga wimbo wa Malkia kwa pamoja, kila moja ikapiga kwa mpangilio wake na kwa ufunguo wake. Aibu ile ilichangia kuanzishwa kwa chuo cha muziki wa kijeshi cha Kneller Hall mwaka 1857. Nalitaja tukio hili kwa heshima, kwa maana linatufundisha kwamba umoja wa sauti tunaousikia uwanjani si zawadi ya asili ya taifa lolote. Hutafutwa kwa mafunzo, kwa noti zilizoandikwa vizuri, na kwa fedha.

Katika eneo letu, Zanzibar ilitangulia. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, alikuwa na bendi ya ala za Kizungu iliyopigwa na Wagoa, watu wa Goa ya India, na ilipiga mbele ya kasri. Karibu na Mombasa, kwenye makazi ya Frere Town yaliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, vijana nao walijifunza matarumbeta. Wajerumani walipounda jeshi lao la kikoloni mwaka 1891, buruji, ile tarumbeta ndogo ya kutoa ishara, ikawa ndiyo saa ya kambi: ya kuamka, ya kula, ya kukusanyika, ya hatari, ya kulala. Dar es Salaam kulikuwa na bendi ya askari Waafrika, na shule ya serikali ya Tanga ikawa na bendi ya wanafunzi. Hapo ndipo wenyeji wengi wa nchi hii waliposhika ala za shaba mara ya kwanza, chini ya mwalimu aliyekuwa pia mkuu wao wa adhabu.

Sasa nawaomba mnivumilie nikae kidogo kwenye sehemu ninayoiona kuwa tajiri kuliko zote, nayo ni ngoma ya beni. Tangu miaka ya 1890, katika miji ya pwani, watu wasiokuwa askari waliuchukua mwendo wa gwaride, sare, vyeo na sauti ya bendi, wakavifanya kuwa ngoma yao ya mashindano. Mombasa kulikuwa na Kingi na Skochi. Tanga na Dar es Salaam kulikuwa na Marini na Arinoti. Kila chama kilikuwa na mfalme wake, majenerali wake, madaktari na wauguzi wake, na kila kimoja kilijigamba kumshinda mwenzake kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo. Walioitazama beni kwa juu juu waliiona kuwa ni kuiga tu. Lakini vyama vile viliwazika wanachama wao, viliwapokea wageni waliofika mjini bila ndugu, na vilikuwa na mawasiliano kutoka mji hadi mji, kiasi kwamba serikali za kikoloni ziliingiwa na wasiwasi na kuvifuatilia kwa makini. Mtu aliyekatazwa kuwa ofisa katika jeshi la mkoloni alijipa cheo cha jenerali katika beni, na wenzake wakampigia saluti kwa dhati. Mimi sioni kichekesho chochote katika jambo hilo. Naona watu waliokuwa wakijifunza kujitawala kwa njia iliyokuwa wazi kwao.

Kisha vikaja Vita Kuu vya Kwanza, 1914 hadi 1918, ambavyo katika ardhi yetu viliua wapagazi na wanavijiji kwa njaa na maradhi kuliko vilivyoua wapiganaji kwa risasi. Askari wa Mjerumani na askari wa Mwingereza walipigana kutoka Kilimanjaro hadi Ruvuma na kuvuka mpaka, na pande zote mbili walikuwemo wachezaji wa beni. Mateka waliifundisha kwa waliowateka, wapagazi waliibeba pamoja na mizigo, na vita vilipokwisha beni ilikuwa imeenea bara yote, hadi Nyasaland (Malawi ya leo), Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) na Kongo. Mahali ambapo matarumbeta hayakupatikana, watu hawakukata tamaa. Kandokando ya Ziwa Nyasa, kwetu na ng'ambo ya pili, mpaka leo ipo ngoma ya mganda, ambamo wanaume hupanga mistari iliyonyooka kama kikosi na kupuliza vibuyu vilivyotobolewa na kufunikwa utando wa buibui, ili sauti itoke ikiwa na ule mtetemo mkali wa shaba. Huku nyuma ngoma kubwa inalia. Ukimsikiliza mpigaji wa mganda kwa makini, utasikia sehemu za sauti zilizogawanywa, kubwa na ndogo, kama zilivyogawanywa katika bendi ya jeshi; na hakuna chuo kilichomfundisha. Hii ndiyo mara ya kwanza ninayosema bendi ilifanywa kuwa yetu.

Upande wa jeshi lenyewe, Waingereza walikuwa wameunda King's African Rifles mwaka 1902, ambayo wazee wetu waliiita Keya. Batalioni ya 6, iliyokuwa ya Tanganyika, iliundwa upya wakati wa vita hivyohivyo, na miongoni mwa askari wake wa kwanza walikuwemo waliotoka upande wa Mjerumani. Katika Vita Kuu vya Pili, askari wa Keya walipelekwa Ethiopia, Madagaska na Burma. Waliimba njiani kwa Kiswahili, na nyimbo zao za safari ziliingia katika kumbukumbu ya watu wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland kwa pamoja. Bendi za Keya zilipiga muziki wa Kiingereza kwa sehemu kubwa, chini ya wakuu wa bendi Waingereza. Mwafrika alisoma noti na kuzipiga kwa ufasaha, ila hakuulizwa zipigwe noti zipi.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, bendera ya Uingereza ilishushwa mbele ya Mwanamfalme Philip, na bendera ya Tanganyika ikapandishwa. Wanamuziki wa vikosi, ambao miaka yote walikuwa wamepiga wimbo wa Malkia, sasa wakawa na wimbo wao. Naomba tuutazame wimbo huo kama wanamuziki. Lahani ya Mungu Ibariki Afrika ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya kanisa la Methodist huko Johannesburg. Haikutungwa kwa ajili ya bendi wala kwa ajili ya askari. Ilitungwa kwa ajili ya kwaya, nayo ni sala. Zambia inaitumia lahani hiyohiyo kwa maneno yake, na Afrika Kusini inaanza nayo wimbo wake wa taifa. Kwa kuwa ni wimbo wa sauti nne, unakaa vizuri sana katika ala za shaba: sauti ya kwanza kwenye matarumbeta, ya pili kwenye horni, ya tatu kwenye tromboni, na besi kwenye tuba. Mpigaji anayeujua wimbo huu haupigi kama amri. Anaupiga kwa pumzi ndefu, akiyafuata maneno ambayo hayatamki, na ndiyo maana umati uwanjani huweza kuimba pamoja na bendi bila kukimbizwa. Nchi nyingi duniani zilichagua nyimbo za kivita kuwa nyimbo zao za taifa. Sisi tulichagua sala, tukawapa askari waipige, na naona huo ni uamuzi uliotuambia mapema jeshi letu lingekuwa la namna gani.

Hata hivyo jeshi lenyewe lilichelewa kufika hapo. Tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles, jeshi lililotokana na Keya, waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, na uasi ukaenea hadi Tabora. Serikali ikalivunja jeshi hilo la kurithi, na tarehe 1 Septemba 1964 likaanzishwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Kambi ya Colito, iliyopewa jina la mapigano ya Ethiopia ya mwaka 1941, ikaitwa Lugalo, mahali ambapo Wahehe walilishinda jeshi la Wajerumani mwaka 1891. Jina lilibadilishwa, kiapo kilibadilishwa, na muziki nao ulipaswa kubadilika, kwa sababu haiwezekani kumwambia askari kwamba sasa yeye ni wa wananchi huku akitembea kila siku kwa nyimbo za kumsifu mfalme wa mbali.

Kazi ya bendi uwanjani ni ngumu kuliko inavyoonekana jukwaani. Gwaride linapopita mbele ya Amiri Jeshi Mkuu kwa mwendo wa pole, kisha kwa mwendo wa haraka wa hatua takribani 120 kwa dakika, mpigaji wa ngoma kubwa ndiye anayeshika miguu ya watu wote, kwani pigo lake huangukia mguu wa kushoto. Akichelewa kidogo tu, kikosi cha mwisho, kilicho mbali na bendi na kinachosikia sauti ikiwa imekwisha kusafiri, kitaonekana kimepoteza hatua. Wapuliza matarumbeta nao wanatembea huku wakipuliza, midomo ikiwa imekauka kwa jua, macho yakiwa kwenye fimbo ya kiongozi aliye mbele, maana uwanjani sauti ya mtu haisikiki na fimbo ile ndiyo inayosema lini waanze, lini wageuke na lini wanyamaze. Akija Rais wa nchi nyingine, kabla ya mizinga 21 kulia, bendi inapaswa kuwa imeujua wimbo wa taifa lake kwa usahihi kamili, kwa kasi yake na kwa urefu wake, hata kama nchi hiyo haijawahi kuleta mgeni hapa. Siku hizi upo pia wimbo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliopitishwa mwaka 2010, na Zanzibar ina wimbo wake. Wimbo wa taifa ukipigwa vibaya ni tusi kwa mwenye nao, na wanamuziki wetu wanalijua hilo kuliko mtu yeyote.

Lakini kwangu mimi, wajibu mzito kuliko wote ni ule wa tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, na baada yao huwekwa shada la maua, upinde na mshale, na shoka. Silaha hizi ni za babu zetu, waliopigana na wakoloni kabla ya kuwa na jina moja la taifa. Buruji inayolia katika sherehe hiyo imetoka kwa wale waliopigana nao. Vitu hivyo viwili husimama pamoja pale mnarani kwa dakika chache, na hakuna anayeona kuwa vinagombana, kwa sababu buruji ile imekwisha kuwalilia watu wetu wengi mno kuendelea kuwa ya mgeni. Imewalilia waliokufa katika vita vya Kagera, vilivyoanza Oktoba 1978 na ambavyo Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi yetu na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979. Mwalimu Nyerere alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999 na nchi ikasimama kwa siku kadhaa za maombolezo, wengi wetu tulikosa maneno. Katika hali kama hiyo, mwendo wa pole wa askari na muziki wa maombolezo huwapa watu njia ya kulia pamoja bila kupoteza heshima yao. Mwanamuziki anayepiga siku hiyo haruhusiwi kulia, kwa kuwa mtu anayelia hawezi kupuliza. Huo ni utumishi, na tunapaswa kuutambua kwa jina hilo.

Upo pia utumishi wa pili wa vikosi vyetu, ambao umewagusa Watanzania wengi bila wao kufikiri kwamba wanaguswa na jeshi. Mwenge Jazz ya JWTZ, Kimulimuli ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), Polisi Jazz na Magereza Jazz zilikuwa bendi za dansi zilizomilikiwa na vyombo vya ulinzi na usalama, na nyimbo zao zilisikika Radio Tanzania Dar es Salaam sambamba na za bendi za uraiani. Mpiga saksafoni wa dansi wa wakati huo alihitaji vitu vitatu ambavyo ni vigumu kuvipata vyote kwa pamoja: ala nzuri, mshahara wa kila mwezi, na mwalimu wa noti. Jeshini alivipata. Kwa miaka mingi, wakati ambapo shule zetu za kawaida hazikuwa na tarumbeta hata moja, majeshi ndiyo yaliyokuwa chuo kikubwa cha kupuliza ala katika nchi hii.

Na hapa narudi kwenye kazi ambayo haijakamilika. Tunao wimbo wa taifa unaofaa, tunao wapigaji, tunayo mapokeo ya beni na mganda ambayo hayana mfano mahali pengi duniani. Tunachokosa ni kumbukumbu. Mtu akipanga sauti za wimbo kwa ajili ya bendi nzima, akaandika kwa mkono karatasi ya kila ala, karatasi hizo hupigiwa muziki mpaka zichakae, na jina lake halibaki popote. Mwanafunzi wa leo anayetaka kujua ngoma za Wangoni, Wasukuma au Wanyasa ziliingiaje katika muziki wa gwaride hana mahali pa kwenda kusoma. Atapata kwa urahisi zaidi machi za Uingereza na Ujerumani, zilizochapishwa zaidi ya karne moja iliyopita, kuliko machi iliyotungwa na Mtanzania aliyestaafu juzi. Hali hiyo inaniuma, na naamini inawauma pia wazee mlioketi hapa mbele.

Naomba basi tufanye mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Wakuu wa vikosi, naomba noti zilizomo katika makabati ya bendi zipigwe picha na nakala zihifadhiwe mahali ambapo mchwa na unyevu haviwezi kufika, na kila karatasi iandikwe jina la aliyeipanga pale ambapo bado yupo anayelikumbuka. Walimu wa muziki, naomba vijana wafundishwe kupanga ngoma zetu kwa ajili ya bendi kamili ya ala za shaba, na mganda uwe mahali pa kuanzia, kwa sababu wenyewe ulizaliwa kutokana na bendi na utarudi kwake bila kulazimishwa. Wazee wetu, ninyi mna mambo vichwani ambayo hayamo katika karatasi yoyote: ni nani aliyekuwa mkuu wa bendi mwaka upi, wimbo upi ulipigwa siku ipi, na kwa nini sehemu fulani ya wimbo huwa mnaipiga hivyo wakati noti zinasema vingine. Wanafunzi, baada ya mazungumzo haya msiondoke kabla ya kuketi nao. Waamkieni, kaeni chini, washeni vinasa sauti, mwulizeni kila mmoja ala aliyopiga na aliyemfundisha.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.